Mtoto Akitoweka Kigoma au Tabora: La Kufanya Kabla, Saa Ile Ile, na Akishapatikana

Watu wakisikia "mtoto kaibwa", picha inayowajia ni ya gari jeusi na mtu asiyejulikana. Hilo hutokea, na linatisha. Lakini kwa mikoa hii miwili, mtoto ambaye wengi wanamtafuta aliondoka mchana kweupe, kavaa nguo yake nzuri, kashikwa mkono na mtu aliyewahi kunywa chai nyumbani kwao. Kaambiwa anakwenda kusoma mjini, au kukaa na shangazi Dar es Salaam, au kusaidia shamba la tumbaku Urambo mpaka mavuno. Miezi inapita, simu haipokelewi, na ndipo familia inapogundua kwamba haijui jina kamili la aliyemchukua.

Aina nyingine ni mtoto mdogo aliyepotea sokoni au stendi, mtoto aliyekimbia kipigo nyumbani, na mtoto aliyechukuliwa na mzazi mmoja baada ya wazazi kuachana. Kila aina ina njia yake ya kutafuta. Ukimtafuta mtoro kana kwamba katekwa, utapoteza siku tatu ukikagua magari huku yeye amelala kwa bibi yake kijiji cha pili.

Weka kumbukumbu ya mtoto sasa, akiwa nyumbani

Mzazi aliyechanganyikiwa hawezi kukumbuka mwanawe alivaa nini asubuhi. Ndiyo maana taarifa ziandikwe kabla. Tumia kadi ya kliniki, maana ndiyo karatasi ambayo akina mama huitunza kuliko zote. Ibandike na ukurasa mmoja wenye mambo haya: majina matatu ya mtoto na jina la utani, tarehe ya kuzaliwa, urefu kwa sentimita (mpime kwenye fremu ya mlango), alama za mwili na mahali zilipo hasa, kwa mfano "kovu la kuungua na uji, mkono wa kushoto, ndani ya kiwiko", meno yaliyong'oka, ugonjwa na dawa anazotumia, lugha anazosema, na marafiki watatu pamoja na nyumba zao.

Picha: moja ya uso kwa mbele bila kofia wala mtandio unaofunika paji, nyingine ya mwili mzima, zote zipigwe nje wakati wa mwanga. Picha ya sikukuu yenye watu kumi haisaidii, kwa sababu ikikuzwa uso unakuwa ukungu. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5 piga upya kila baada ya miezi mitatu. Mkubwa zaidi, kila baada ya miezi sita. Tuma nakala kwa ndugu anayekaa mji mwingine. Simu ikiibiwa au nyumba ikiungua, picha ibaki.

Cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, kisiachwe "mpaka aanze shule". Siku mtu mwingine atakapodai mtoto ni wake, karatasi hiyo ndiyo itakayoongea. Usimkabidhi mtu cheti halisi, mpe kivuli.

Mfundishe kujitambulisha kwa namna inayomsaidia mtu wa mbali

Mtoto wa Kigoma mjini akikutwa Dodoma akasema "natoka Mwanga", askari atafikiria Wilaya ya Mwanga, Kilimanjaro. Akisema Kabanga, inaweza kuwa ya Kasulu au ya Ngara kule Kagera. Wa Tabora akisema Ng'ambo, aliyetoka Unguja atadhani ni kwao. Kwa hiyo mfundishe mfuatano mzima: mtaa au kijiji, kata, wilaya, mkoa. Fanya wimbo. Miaka 4 hadi 5 ajue majina yake matatu na kijiji. Miaka 6 hadi 7 ajue namba ya simu kwa vipande vya nne, tatu, tatu, kama inavyosomwa dukani. Mtoto wa kijijini anayesema Kiha tu au Kinyamwezi tu anahitaji hili zaidi ya wengine: ajue kulisema kwa Kiswahili.

Jambo lingine linalosahaulika: ajue jina halisi la mama. Watoto wengi wanajua "Mama" tu, na mtaani mama huyo ni Mama Rehema au Mama Shija. Kwenye daftari la polisi majina hayo hayamfikishi mtu popote.

Adabu bila kuwa chambo

Hapa ndipo malezi yetu yana tundu. Tunawafundisha watoto kwamba mtu mzima yeyote anaweza kumtuma mtoto yeyote. "We mtoto, njoo nikutume" ni sauti ya kawaida, na mtoto asiyekwenda anaitwa hana adabu. Anayetaka kuchukua mtoto analijua hilo.

Usimwambie mtoto asiwasalimie wakubwa; hatakusikiliza, na majirani watamsema. Mfundishe hivi: salamu inatolewa kwa mbali. "Shikamoo" inasikika hata hatua tatu kutoka mlangoni mwa gari. Akitumwa na asiyemjua, au na anayemjua lakini mahali asipokwenda kila siku, ajibu, "Ngoja nikamwambie mama kwanza," kisha aondoke mbio bila kusubiri ruhusa. Mwenye nia njema atangoja.

Mfundishe pia cha kupiga kelele. Mtoto anayelia huku anavutwa mkono hawashtui watu. Wanaona baba anamrudi mwanawe. Maneno yawe: "Simjui huyu! Si baba yangu!" Yafanyieni mazoezi uani, kwa sauti ya juu kabisa, mara tano au sita, mpaka aibu imtoke.

Kwa shule, mpe mwalimu wa darasa majina ya watu wasiozidi watatu wanaoruhusiwa kumchukua, na wekeni neno la siri la nyumbani. Anayekuja kusema "mama yako anaumwa, nimetumwa nikuchukue" aulizwe neno. Likishatumika mara moja, libadilishwe.

Watoto wenye ualbino wanahitaji zaidi ya hayo. Kanda hii imeona mashambulizi ya kishirikina dhidi yao, na Shule ya Kabanga kule Kasulu iliwahi kugeuka makimbilio ya watoto hao. Asitembee peke yake kwenda kisimani wala shuleni, na mtu anayeuliza uliza habari za mtoto huyo aripotiwe kwa mwenyekiti na polisi hata kama hajafanya lolote.

Anapokuja mtu na ahadi ya kazi au shule

Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba. Baada ya hapo wasichana wengi wako nyumbani wakisubiri, na madalali wa wafanyakazi wa ndani wanalijua hilo. Karibu na majira hayo hayo wakulima wa tumbaku wa Tabora wanaanza kutafuta watu wa msimu, na vijana wa Kasulu, Kibondo na Buhigwe wanasombwa kwa ahadi ya kulipwa mwisho wa msimu, tumbaku ikishauzwa. Malipo ya mwisho ndiyo kamba yenyewe: ukiondoka kabla, huna chako.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Umri wa chini wa kufanya kazi ni miaka 14, tena kazi nyepesi isiyomzuia kusoma. Kazi ya hatari hairuhusiwi kwa mtoto hata akiwa na miaka 17, na kushika majani mabichi ya tumbaku ni hatari: nikotini hupenya kwenye ngozi, hasa majani yakiwa na umande, na mtoto hutapika, hushikwa na kizunguzungu na huishiwa nguvu. Kumchukua mtoto kwa udanganyifu ili atumikishwe ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Usafirishaji wa Binadamu ya mwaka 2008, hata kama mzazi alikubali, hata kama alipewa gunia la mahindi.

Ikiwa kijana amefikisha umri na familia imeamua aende, usimruhusu kabla hujapata vitu hivi vyote: namba ya kitambulisho cha NIDA cha anayemchukua na picha yake, jina, mtaa na kata ya anakokwenda, mazungumzo ya simu na mwenye nyumba au shamba mwenyewe, si na "dada yake", na barua ya mtendaji wa kijiji yenye nakala inayobaki ofisini. Kisha mwambie anayemchukua kwamba unataka kumsindikiza kijana mpaka anapofikia, kwa nauli yako. Ukiona ghafla safari imekuwa ya haraka mno, nafasi ni moja tu na basi linaondoka kesho alfajiri, umeshapata jibu.

Saa ya kwanza

Usingoje saa 24. Hiyo ni habari ya filamu. Taarifa ya mtoto inapokelewa wakati wowote.

Dakika 15 za mwanzo ni za nyumbani. Mtoto wa chini ya miaka 5 mara nyingi yuko ndani ya mita chache. Anzeni na maji: kisima, pipa, ndoo kubwa, shimo la choo, ukingo wa ziwa au mto. Maji hayasubiri, ndiyo maana yanatangulia hata chini ya kitanda. Halafu tazameni chini ya vitanda, nyuma ya magunia, kabatini, ndani ya gari lililoegeshwa, kwenye shamba la mihogo lililo jirani. Mwiteni kwa jina la utani, kisha nyamazeni mhesabu hadi 20 mkisikiliza. Kundi linaloita bila kunyamaza halimsikii anayejibu.

Mtu mmoja asitoke nyumbani. Akae na simu yenye chaji na salio, kwa sababu watoto hurudi wenyewe, na akikuta mlango umefungwa anaondoka tena.

Asipoonekana, gawaneni mara moja. Kwa Kigoma: wawili stendi ya mabasi, wawili stesheni ya reli, wawili Kibirizi kwenye maboti, wawili Mwandiga ambako barabara ya Kasulu hupita. Kwa Tabora: stendi, stesheni, soko kuu. Kila kundi liwe na picha kwenye simu. Waambieni bodaboda wa kijiwe cha karibu kabla ya mtu mwingine yeyote. Wanaona nani kapita na nani, na wana makundi yao ya WhatsApp yanayofika mji mzima kwa dakika kumi. Msikiti na kanisa vitangaze kwa kipaza sauti. Vijijini mwenyekiti apige yowe na sungusungu watoke.

Reli ina hesabu yake. Tabora ni njia panda ya Reli ya Kati: treni huenda Kigoma, Mwanza na Dar es Salaam, na Kaliua kuna tawi la Mpanda. Mtoto aliyepanda Kigoma atapita Uvinza, Nguruka, Kaliua na Urambo kabla ya kufika Tabora. Mkuu wa stesheni anaweza kuwapigia wenzake wa mbele wakakagua mabehewa treni inaposimama. Mwombeni hivyo, kwa kumtajia saa na mavazi. Kwa basi, mwombe wakala namba ya konda na orodha ya abiria. Basi ambalo limeondoka saa moja iliyopita bado linakamatika kwenye kizuizi cha polisi.

Polisi: nenda na nini, toka na nini

Piga 112, au nenda kituo cha karibu na uulize Dawati la Jinsia na Watoto. Beba ule ukurasa wa kadi ya kliniki na picha. Eleza alionekana mara ya mwisho saa ngapi, wapi, na nani; usijaze mapengo kwa kubahatisha. Kama kulikuwa na ugomvi nyumbani au alichapwa, sema. Wazazi huficha hilo kwa aibu, na polisi wanatafuta mtekaji wakati mtoto kakimbia fimbo.

Usitoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye daftari la polisi. Iandike pembeni pamoja na jina la askari aliyepokea taarifa. Ukiambiwa "rudi kesho" au "hayo ni mambo ya familia", omba kuonana na mkuu wa kituo, na piga 116, Simu ya Msaada kwa Mtoto. Ni bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Kama kuna dalili ya kuvuka mpaka, sema wazi mbele ya askari: Manyovu ni mlango wa Burundi, na ziwa Tanganyika lina nchi nne. Omba Uhamiaji wajulishwe.

Nguo aliyovaa jana ambayo haijafuliwa, shuka na kitana chake vitunzwe kwenye bahasha ya karatasi. Visiguswe na kila mtu, na visiwekwe kwenye mfuko wa plastiki, maana unatunza unyevu na kuharibu vielelezo.

Mzazi mwenzako akiwa ndiye aliyemchukua, ripoti vilevile, lakini fungua na jalada kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, maana suala la mtoto akae na nani humalizwa na mahakama.

Tangazo

Liwe fupi, lisomeke kwenye simu ndogo:

"MTOTO AMEPOTEA. Mvulana, miaka 7, mweusi wa wastani, urefu sm 118, jino moja la juu mbele hana. Kaptula ya kaki, fulana nyekundu, ndala za bluu. Anaongea Kiha, Kiswahili kidogo. Alionekana mwisho soko la Mwanga, KIGOMA MJINI, Jumamosi tarehe…, saa 4 asubuhi. RB namba… Simu… au kituo chochote cha polisi."

Tarehe iandikwe kamili, mwaka ukiwemo, kwa sababu matangazo huzunguka miaka mitatu baada ya mtoto kurudi. Kuna alama moja usiyoitaja: kovu, baka, jina analomwita mdogo wake. Hiyo ni kufuli yako. Tangazo likitoka tu, matapeli watapiga. Ni ndugu wa wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Watasema mtoto yuko hospitali, wanahitaji elfu hamsini. Uliza ile alama. Omba kuongea na mtoto. Usitume hata senti, na kila namba mpe mpelelezi. Ni bora kutumia laini mpya kwa tangazo ili simu ya nyumbani ibaki wazi.

Na hili lisemwe bila kupindapinda: watu wakimkamata wanayemshuku, asipigwe. Uvumi wa wezi wa watoto umewahi kuua wapita njia wasio na hatia. Na kama kweli ndiye, maiti haitaonyesha mtoto alipo.

Wewe ndiye uliyemwona mtoto asiye na mwenyewe

Chuchumaa, macho yenu yawe sawa. Kaeni pale pale kama dakika 20, kwa sababu mzazi hurudi alikopita. Mwite mtu wa pili awe shahidi. Usitangaze jina la mtoto kwa sauti. Anayekuja kudai ni wake alitaje yeye mwenyewe, pamoja na mavazi na umri. Mtazame mtoto anavyompokea.

Asipotokea mtu, nenda polisi au ofisi ya serikali ya mtaa siku hiyo hiyo. Kumlaza kwako "mpaka kesho" kwa huruma kunaweza kukugeuza mtuhumiwa. Ustawi wa jamii wana walezi wa kuaminika walioandikishwa kwa kazi hiyo.

Mtoto asiyejua kwao anajua mengi kuliko anavyodhani. Mwamkie "Mwakeye", kisha "Mwangaluka", uone uso unachangamka wapi: ya kwanza ni ya Waha, ya pili ya Wanyamwezi na Wasukuma. Muulize nyumbani wanakamua mawese au wanachoma kuni kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku. Migebuka, samaki wa ziwa Tanganyika, anaijua? Kwao treni inasikika? Maji wanachota wapi? Sare ya shule rangi gani, mwalimu mkuu anaitwa nani? Majirani wanamwitaje mama? Maswali mawili matatu, mpe uji, pumzikeni, endeleeni. Jibu analolitoa kwa kukufurahisha litakupeleka wilaya isiyo yake, hivyo usimuulize "wewe wa Kasulu, eti?"

Kwa watoto waliotenganishwa na familia kwa kuvuka mpaka, wakiwemo wakimbizi wa Burundi na Kongo, Msalaba Mwekundu hutafuta ndugu bila malipo.

Akipatikana

Kwanza hospitali, kabla ya kuoga na kabla ya pilau. Kama ameumizwa, polisi watatoa PF3, fomu ya matibabu kwa aliyeumizwa. Lakini hali ikiwa mbaya anza na matibabu, fomu ifuate. Kama kuna shaka ya kunajisiwa, dawa ya kuzuia VVU lazima ianze ndani ya saa 72, na mapema ni bora. Nguo alizorudi nazo zisifuliwe. Kigoma ni Hospitali ya Maweni, Tabora ni Kitete. Ulizeni huduma ya Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii wanakuwa sehemu moja.

Aliyepatikana mkoa mwingine asirudishwe peke yake kwa kukabidhiwa konda. Arudi na afisa ustawi au ndugu mwenye barua, na akabidhiwe kwa sahihi. Aliyekimbia kipigo asirudishwe nyumba ile ile kabla ustawi hawajaitembelea. Ataondoka tena, safari hii mbali zaidi.

Nyumbani msimzungushie kijiji. Wageni wachache, picha zisipelekwe mtandaoni, na lile tangazo la zamani lijibiwe "amepatikana" kila lilikopita. Asiulizwe yaliyompata na kila shangazi. Mtu mmoja tu amsikilize, ayaandike kwa maneno ya mtoto mwenyewe. Kukojoa kitandani, kushtuka usiku, kuficha chakula chini ya mto ni kawaida kwa wiki kadhaa. Fimbo hapo haina kazi. Kama alitumikishwa, mshahara wake unadaiwa. Ustawi wa jamii wawaelekeze kwa afisa kazi.

Swali moja lisingoje apone. Muulizeni, kwa upole, kule alikokuwa kulikuwa na watoto wengine wangapi, wanaitwa nani na walisema wanatoka wapi. Majina hayo yafike Dawati jioni ile ile, maana mwenye shamba akisikia mmoja kapatikana, waliobaki watahamishwa usiku.